Povu la Watajiju

Magadi alipoona kapu mkononi mwa wifi yake, na kuona kapu lenyewe linacheza, alijua ndani yake kuna balaa. Alikuwa amesimama kando ya pipa la sabuni, moto unawaka chini, mkononi ameshika mwiko mpya mrefu, kwa sababu ule wa zamani ulikuwa umevunjika, na namna ulivyovunjika mtaa mzima ulikuwa unaijua. Wifi akaweka kapu chini, akafunua kitambaa, na kichwa cheusi chenye masikio mazito kikachomoza, kikanusa harufu ya shahamu iliyokuwa ikiyeyuka, kikapiga chafya.

"Mtoe," Magadi akasema.

"Wifi, nisikilize kwanza. Ni kwa ajili ya mtoto..."

"Nimesema mtoe hapa, kabla sijamtia ndani ya pipa akawa mche mmoja wa sabuni."

Asije mtu akadhani huo ulikuwa utani. Jina la Magadi hakupewa kwa sababu ya kazi peke yake. Wapika sabuni ni wengi, na wengine wana majina mazuri tu. Yeye alipewa kwa ulimi wake, na kwa mkono wake ambao ulikuwa mwepesi kuliko ulimi. Wateja walimheshimu, majirani walimsalimia kwa mbali, na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa akiishi na kufanya kazi naye uani pale tangu msiba, alikuwa amejifunza kuzungumza naye huku akiwa ameshajua mlango uko upande gani.

Lakini kabla Wifi hajajibu, mlango wa nyumba ulifunguka, akatoka Kitinda. Huyu alikuwa mtoto wa mwisho wa Magadi, wakubwa wake walishaolewa na kuhama, na mdomo wake wa chini ulikuwa bado na kovu bichi. Alipita katikati ya watu wazima wawili bila salamu. Akainama, akamtoa yule kijibwa kapuni, akambana kifuani, akarudi ndani. Mlango ukafungwa. Magadi alibaki na mwiko wake hewani, maana tangu siku ile binti yake alikuwa hajamtazama usoni hata mara moja, na mama hakujua atamkataza nini mtu asiyemtazama.

Siku ile yenyewe ilikuwa hivi.

Jua lilikuwa la utosi. Magadi alikuwa bombani akiosha ndoo, na kinyozi, ambaye kibanda chake kinatazamana na ua wao, alikuwa akimnyoa mteja ndevu. Kinyozi ndiye aliyeona kwanza. Alipiga ukelele ambao nusura ukate shingo ya mteja wake: "Mbwa kichaa! Jamani, mbwa ana kichaa!"

Watajiju alitoka nyuma ya stoo akiyumba. Alikuwa mbwa mkubwa wa rangi ya udongo, mbwa wa marehemu mume, na jina hilo alipewa na marehemu kwa ajili ya wezi: wakithubutu kuingia, watajua wenyewe. Sasa mdomo wake ulikuwa umejaa povu jeupe, zito, linachuruzika mpaka kifuani. Alikuwa akitikisa kichwa kana kwamba ana nyuki ndani yake. Akasugua taya ardhini, akalia mlio ambao Magadi hakuwahi kuusikia kwa mnyama wala kwa mtu, kisha akavamia beseni la maji, akazamisha uso wote, akautoa, povu likazidi kufura.

Kitinda alikuwa karibu. Akamkimbilia, mikono mbele, kama alivyozoea kumkimbilia kila siku. Magadi aliona vidole vya mwanawe vinaelekea kwenye mdomo ule wenye povu, na hapo hapo akili yake ikafungwa kama dirisha. Aliruka, akamsukuma mtoto akaanguka chali. Mbwa akageuka. Alipomwona Magadi alimjia moja kwa moja, kichwa chini, mbio.

Magadi akanyakua mwiko uliokuwa kando ya pipa. Pigo la kwanza lilimpata mbwa begani. Mbwa alilia, akaanguka, akainuka, akazidi kuja. La pili lilimpata kichwani na mwiko ukavunjika vipande viwili. Magadi akaokota chuma cha kuchochea moto.

"Hana kichaa!" Kitinda alikuwa amemning'inia mkono. "Mama, ana kiu! Mama, acha, ana kiu tu!"

Magadi alimpiga mwanawe kofi la kinyumenyume ili amwondoe njiani. Mdomo ukapasuka. Mtoto akaenda chini na damu yake, na mama yake akaendelea na kazi. Alipiga mpaka mlio ukakatika, na ulipokatika akapiga tena, kwa sababu miguu ya nyuma ilikuwa bado inatikisika na yeye hakutaka kuiona ikitikisika. Alipomaliza, gauni lake lilikuwa limetapakaa damu na povu, na watu walikuwa wamejaa langoni. Kinyozi alipiga makofi. Wengine nao wakapiga.

"Mwanamke shoka huyu," kinyozi akasema. "Ameuokoa mtaa."

Basi akawa shujaa. Kinyozi alichukua hadithi ile akaitia chumvi kila aliponyoa kichwa, na vichwa ni vingi. Mara mbwa alikuwa na macho mekundu, mara aliruka ukuta, mara alimkosa Magadi koo kwa unywele. Baada ya muda, ungesikiliza vizuri pale kibandani, ungedhani aliyeuawa ni chui. Wanawake walikuja kumpa pole na hongera kwa pamoja. Magadi aliwajibu kwa mkato: "Mbwa ni mbwa." Alimfunga Watajiju katika magunia yake mwenyewe, hakutaka mtu amguse, akamchimbia shimo refu nyuma ya stoo, akamwaga chokaa, akafukia.

Na alimlilia. Semeni mnavyotaka kuhusu Magadi, lakini alimlilia mbwa yule kuliko alivyowahi kumlilia mtu, na hilo lilimtia aibu, kwa sababu hata mumewe hakumlilia hivyo. Alikuwa akifungua bomba mpaka mwisho ili maji yafunike sauti. Akikata sabuni alijikuta anaacha nafasi mguuni ya mbwa kulala. Akitupa mfupa alitupa upande uleule. Kisha akikumbuka, alishikwa na hasira, na hasira yake haikujua kukaa bure. Siku moja alivunja kiti. Siku nyingine alimtupia Wifi ndoo tupu kwa sababu amekohoa.

Jambo moja tu lilimpa nguvu ya kusimama: alikuwa amemwokoa mtoto. Alijiambia hivyo kila alipoona kovu lile. Mdomo hupona, alijiambia, kichaa cha mbwa hakiponi. Ipo siku Kitinda atakua, ataelewa, na atamtazama.

Yule kijibwa sasa. Kwanza, alikojolea magunia. Pili, alikuwa analia akiachwa peke yake, mlio mwembamba unaotoboa sikio. Tatu, alikuwa hana adabu wala woga. Magadi akipita, aliuvamia upindo wa gauni lake na kuuvuta kwa meno madogo kama sindano. Magadi alimpiga teke. Kijibwa aliviringika, akasimama, akaona huo ni mchezo mzuri, akarudi kwa kasi zaidi. Kitinda hakumpa jina, au alimpa na hakulitamka mbele ya mama yake.

Alasiri moja Kitinda akiwa shuleni, Magadi alikuwa akikata miche kwa waya, na kijibwa akaja akajitupa juu ya mguu wake akalala. Magadi alitaka kumrusha. Mguu haukumtii. Alikata miche yote, akapanga miche yote, mguu umekufa ganzi, naye hajausogeza. Kijibwa alikuwa na joto la mkate uliotoka tanurini sasa hivi. Magadi alijiona msaliti, akasema kwa sauti, "Mshenzi wewe," na haijulikani alikuwa anamwambia nani.

Ila kitu kimoja kilikuwa kinamwasha. Wifi hakuwahi kupenda mbwa. Watajiju alipokuwa hai Wifi alimwita mla bure, akamfukuza jikoni kwa ufagio. Leo ametembea mpaka mwisho wa mji kumtafutia mtoto wa mbwa? Na kwa nini kila akimwona kijibwa anageuza uso?

Jibu lilikuja na dobi. Alikuwa mteja wa miaka mingi, mtu mwembamba mwenye mikono myeupe kwa maji, na alitaka sabuni nyingi kuliko iliyokuwepo rafuni.

"Kuna sanduku jingine stoo," Magadi akamwambia. "Lile la nyuma litakuwa limekomaa."

"Bado," Wifi akadakia kutoka kwenye pipa. "Lile bado, wifi. Liache. Halijakauka."

Alisema upesi mno. Magadi alimtazama, akaingia stoo.

Sanduku lilikuwa kwenye kona, limefunikwa mbao, juu ya mbao magunia, juu ya magunia ndoo za zamani, kana kwamba mtu alikuwa anazika kitu. Magadi aliondoa vyote. Akaburuta sanduku mpaka mlangoni kwenye mwanga.

Sabuni mpya ikimiminwa sandukuni huwa laini kama uji mzito, na magadi ndani yake bado ni makali, yanaweza kuchuna ngozi. Ndiyo maana sheria ya uani pale ilikuwa moja: aliyemimina ndiye anayefunika, papo hapo, kabla hajafanya kitu kingine chochote. Ikishafunikwa inaganda, na ikiganda hushika umbo lolote ililokutwa nalo. Jani likiangukia juu yake, utaliona jani mpaka siku ya kukata.

Sabuni ile ilikuwa imeganda na mifereji. Mifereji mipana, laini, imepangana ubavu kwa ubavu kutoka ukingoni kwenda katikati, na pembeni alama mbili za nyayo za mbele za mnyama aliyeegemea sanduku ili afikie. Ilikuwa ni ulimi. Mbwa alisikia harufu ya shahamu, akalamba, akalamba tena kwa tamaa, na magadi yakaanza kumuunguza huku mate yake yakigeuza sabuni kuwa povu.

Magadi alitia kidole katika mfereji mmoja. Kilienea. Mtu aliyekula kwa povu, aliyesomesha watoto kwa povu, aliyezeekea kwenye povu, alikuwa ameliona povu mdomoni mwa mbwa wake mwenyewe na hakulitambua.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alitoka stoo, akavuka ua, akamshika Wifi nywele kwa mkono wa kulia na shingo kwa mkono wa kushoto, akamburuta. Wifi alipoteza kiatu kimoja, kisha cha pili. Magadi alimfikisha kwenye sanduku, akamsukuma uso mpaka pua ikagonga ukingo wa mbao na kutoa sauti ya kuni inayovunjwa.

"Angalia! Hiki ni nini? Nakuuliza hiki ni nini?"

Damu ya Wifi ilitiririka ikaingia kwenye mifereji. Na hapa mtaa uliokuwa ukimwona Wifi kuwa mnyonge ungeshangaa, maana mnyonge akibanwa ukutani naye ana meno. Aligeuka, akamng'ata Magadi mkono mpaka mfupa, akajichomoa, akafika kwenye pipa, akachota kwa kata na kumrushia. Magadi aliinua mkono uleule kujikinga uso. Mchanganyiko wa moto ulimvaa kutoka kiwiko hadi vidoleni, ngozi ikapanda malengelenge palepale. Hakusimama. Dobi alitoka mbio, akaacha baiskeli yake na alichofuata. Wanawake wale wawili walikamatana, wakaanguka juu ya rafu ya miche, rafu ikawaangukia, wakagaagaa katika sabuni, wakipigana ngumi, makucha, magoti, kila mmoja akipumua kwa kinywa chenye damu. Magadi alikuwa na nguvu zaidi. Alimpanda juu. Mkono wake mzima ukapapasa, ukagusa chuma cha kuchochea moto, ukakishika.

"Ni mimi!" Wifi akapasua sauti, mikono imefunika kichwa. "Ni mimi niliyeliacha wazi! Nilikuwa namimina, ukaniita, unatukana, unasema ukija wewe nitakiona. Nikakimbia kuja. Nikasahau kufunika kwa kukuogopa wewe!"

"Na nilipokuwa namuua? Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale mlangoni."

"Ulijua?"

"Povu la sabuni silijui mimi? Nilijua! Nilifungua mdomo nikuambie, nikakuona ulivyo, nikaufunga. Mtoto wako wa kumzaa alikuambia, ukampasua mdomo. Mimi mtoto wa mwenzio ungenifanya nini? Haya, piga! Si ndiyo kazi unayoijua? Piga!"

Chuma kilikuwa juu. Magadi alitaka kukishusha. Tusidanganyane, alitaka kwa moyo wake wote, kwa sababu kikishuka kutakuwa na mkosaji mmoja na mkosaji huyo hatakuwa yeye. Akainua macho ili apate pumzi ya kupigia.

Kitinda alikuwa langoni, amevaa sare ya shule, mkoba bado mgongoni. Kijibwa alikuwa amemkimbilia, naye amembeba. Safari hii hakupiga ukelele, hakusema acha, hakumkimbilia mama yake kumshika mkono. Alikuwa ameshajifunza. Alikuwa amemfunika kijibwa macho kwa kiganja chake, anasubiri limalizike.

Chuma kikamtoka Magadi mkononi, kikalia juu ya sakafu. Alishuka kutoka kifuani mwa wifi yake kwa taabu, kama mtu aliyeugua muda mrefu. Akaenda bombani, akaweka mkono ulioungua chini ya maji. Wifi akaja kwa upande wa pili wa bomba kuosha pua, kwa sababu bomba lilikuwa moja. Walisimama pale bila kutazamana.

"Kamwone daktari," Magadi akasema mwishowe. "Hiyo imevunjika."

"Na wewe mkono."

"Tangulia."

Wifi alifunga khanga puani akaondoka. Langoni kinyozi alitaka kujua kulikoni, wembe wazi mkononi, na Wifi akampita kama nguzo.

Kitinda alikuwa amezunguka nyuma ya stoo. Amekaa chini karibu na mahali palipofukiwa, kijibwa anachimba udongo kando yake. Magadi alifika akasimama mbali kidogo. Mkono ulikuwa unapwita mpaka kwapani. Maneno ya kuomba radhi hakuwa nayo, hakuwahi kuyatumia, akayatafuta kama mtu anayetafuta kitu katika nyumba ya wenyewe.

"Ulisema kweli," akasema. "Hakuwa na kichaa. Ilikuwa sabuni. Alikuwa anaungua, na alikuwa na kiu, kama ulivyosema. Nisamehe, mwanangu. Nisamehe na kwa mdomo wako."

Kitinda alikuwa anachora ardhini kwa kijiti. "Alishakunywa maji," akasema. "Yalizidi kumuumiza. Ndiyo akaja kwako."

"Alinijia..."

"Alikuwa anakuja kwako. Akichomwa na mwiba alikuwa anakuja kwako. Wale watoto walipompiga mawe alikuja kwako. Ulipompiga mara ya kwanza akafikiri hujamwona vizuri, akaja tena."

Magadi alikaa chini. Alilia pale mbele ya mwanawe bila bomba la kumfunika, mdomo wazi, kamasi zinatoka, mkono ulioungua umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Kijibwa aliacha kuchimba. Alimjia kwa mwendo wake wa kuyumba, akanusa kidonda, akapanda mapajani, akaanza kumlamba machozi kidevuni. Magadi alimkumbatia kwa mkono wake mzima. Alikuwa mwepesi, mbavu zake zinahesabika, moyo unapiga mbio kwa furaha.

"Mweke chini, mama."

"Simfanyi kitu. Wallahi simfanyi kitu, mwanangu."

"Najua," Kitinda akasema. Hakukuwa na hasira katika sauti yake. "Lakini atakuzoea, kama Watajiju."

Magadi aliligeuza neno hilo huku na huku atafute mahali pa kulipinga, na hakupaona. Akamshusha kijibwa chini. Akainuka kwa kushika ukuta, akaanza kuondoka, na kijibwa akamfuata, mkia unazunguka, akaudaka upindo wa gauni lake kwa meno.

"Toka," Magadi akasema.

Kijibwa akavuta zaidi. Magadi akapiga mguu chini kwa nguvu. Kijibwa akaketi, akainamisha kichwa upande mmoja, akamtazama, akaja tena. Basi Magadi aliinama, akachota kokoto kiganjani, na huku machozi yakimshuka akapaza sauti yake ile ile iliyokuwa ikijulikana mtaa mzima, "Toka! Nimesema toka hapa!" akazirusha karibu yake, karibu sana, nyingine ikampata mguuni. Kijibwa alilia. Aligeuka akakimbia, mkia umebanwa katikati ya miguu, mpaka kwenye mikono ya Kitinda, akajificha kwapani akitetemeka.

Kitinda alimfunika kwa sweta la shule. Kisha akainua macho, akamtazama mama yake usoni kwa mara ya kwanza tangu Watajiju afe.

"Asante, mama," akasema.